UZI: Riwaya iliyonipandisha meli kwenda Ukerewe, na kwa nini nawe uisome kabla hujakata tiketi

Mwana wa Kirumba (ameanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu tumeshaandika sana kuhusu Saanane, Rubondo, fukwe za kukaa jioni na wapi sato anakaangwa akaiva. Leo naleta safari ya namna nyingine, ile inayoanzia kwenye kitabu. Ni ndefu, naomba mvumilie.

Wenzetu wa mbali wameizoea. Walter Scott alipotoa utenzi wake unaohusu ziwa la Loch Katrine mwaka 1810, watu walimiminika Uskoti kwenda kuliona, na meli ya mvuke iliyokuja kubeba wageni pale baadaye ikapewa jina lake. Victor Hugo alitoa riwaya yake ya Notre-Dame mwaka 1831, wakati kanisa lenyewe limechakaa na watu wa Paris wameshazoea kuliona hivyo. Riwaya ikawaamsha, na miaka ya 1840 ukarabati mkubwa ukaanza. Siku hizi wasomaji wa riwaya za Outlander wanavuka bahari kwenda kusimama Culloden, palipopiganwa vita ya 1746, mbele ya jiwe la ukoo wa mtu ambaye hajapata kuishi duniani. Hawaoni tabu yoyote. Kitabu kimewapa sababu ya kupajali mahali, basi wanakwenda.

Sasa njoo kwetu. Hapa kisiwani Ukerewe alizaliwa mwaka 1896 mtu anaitwa Aniceti Kitereza, mjukuu wa Omukama, yaani mfalme, Machunda. Aliandika riwaya kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Nani angechapisha kitabu kinene namna ile katika lugha ya kisiwa kimoja? Mswada ukalala. Mwishowe mzee mwenyewe akaufasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 tangu aweke kalamu chini. Mwaka uliofuata akafariki.

Kisa chenyewe kinaanza na mume na mke wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Maneno ya ndugu yanazidi, wakwe wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anamfuata mkewe huko huko kwao. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na ili aipate inabidi awaendee majirani na jamaa wamsaidie, maana kazi ile si ya mtu mmoja. Mke anarudi, wanahangaika na waganga, na hatimaye anazaliwa mtoto wa kiume, baadaye wa kike. Humo ndani hakuna mvumbuzi kutoka Ulaya. Ni Ukerewe kabla ya ukoloni, na mwandishi anakupitisha taratibu kweli kweli: namna mgeni anavyopokewa, nani anakaa wapi, nani anakula na nani, shamba linavyolimwa, samaki wanavyovuliwa, mkwe anavyoheshimiwa. Msomaji mwenye haraka atachoka. Mimi ule utaratibu ndio ulionishika.

Niwaambie ulinifanya nini. Mtoto wa Mwanza anakua akipita pale mnara wa saa mjini. Pana bamba linalosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo. Ndiyo historia tuliyokabidhiwa: mtu amesimama juu ya kilima, ameona maji, ameyapa jina la malkia wake. Lakini watu wa pwani waliokuja kununua pembe walikuwa wakiliita ziwa hili kwa jina la Ukerewe, na Speke mwenyewe aliambiwa hivyo. Halafu unasoma Kitereza, unakuta kwamba miaka ile ile, ng'ambo ya maji aliyokuwa anayatazama yule bwana, kuna mwanamume anahangaika usiku na mchana namna ya kumrudisha mkewe nyumbani. Tangu nisome, nikipita kwenye mnara macho yanakwenda upande wa maji.

Basi nikapanda meli. Sikuwa na orodha ya vivutio. Nilikuwa na kitabu cha kuazima kwenye begi na maswali.

Jambo la kwanza lililonigonga lilikuwa sahani ya chakula. Nimekaa mgahawani mjini Nansio, kule Ukerewe, nimeagiza samaki, ameletwa sangara. Nikamwangalia nikajisemea, samaki huyu Myombekere hakumjua. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Na sato tunayemwita samaki wetu wa asili naye alipandikizwa miaka hiyo hiyo. Ziwa la kwenye riwaya lilikuwa ziwa la ngege, ningu, kamongo, kambale na furu wa kila rangi. Furu walikuwa mamia ya aina, wengi wao hawapo popote pengine duniani, na sangara alipokuja kushamiri miaka ya 1980 aina nyingi zikapotea tusizione tena. Nilikuwa nayajua haya kwa kusoma magazeti. Ila nilipokaa pale na kitabu mkononi ndipo yalipoingia moyoni. Ndugu, mtu anaweza kusafiri kwenda mahali akakuta ardhi ni ile ile na maji chini yake yamekuwa mengine kabisa.

La pili ni salamu. Nenda kijijini kisiwani, usalimie kwa haraka za sokoni Makoroboi, Mwanza, uone. Watu wanasimama. Wanakuuliza za utokako, za watu wako, kisha nawe unangojewa uulize. Kwenye riwaya zile kurasa za kusalimiana nilikuwa nazipita mbio. Kule nikazirudia jioni, moja moja, na safari hii nilikuwa nazisikia.

Nauliza wenye uzoefu: kuna mwingine hapa aliyewahi kusafiri kwa sababu ya kitabu? Na je, mnaonaje, kisiwa kama kile kifanye nini ili msomaji akifika apate pa kuanzia? Maana nilipofika sikukuta kibao hata kimoja chenye jina la Kitereza njiani kwangu, na hilo limeniuma.

---

Mzee wa Nyakato

Kijana, umeandika kwa moyo na nimekusoma hadi mwisho. Lakini niweke tahadhari yangu. Riwaya ni riwaya. Anayetaka kuijua Ukerewe ya karne ya 19 asome historia. Yupo Gerald Hartwig, Mmarekani aliyefanya utafiti kisiwani, kitabu chake kilitoka 1976 na kinaeleza biashara ya Wakerewe na misafara ya mbali kati ya 1800 na 1895. Pembe za ndovu, njaa, magonjwa yaliyokuja na misafara, ugomvi wa watawala. Kwa Kitereza utapata kijiji kilichotulia. Mtu akisafiri na picha hiyo peke yake atadhani wazee wetu waliishi bila misukosuko mpaka mzungu alipofika. Hiyo nayo si kweli.

---

Mwana wa Kirumba

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na siipingi yote. Hartwig asomwe. Na ni huyo huyo Hartwig pamoja na mkewe waliokutana na Kitereza miaka ya 1960 wakahangaikia mswada usipotee, kwa hiyo mwanahistoria mwenyewe aliiona thamani ya riwaya.

Ila kuhusu kutulia, hapo naomba tubishane kidogo. Nyumba isiyo na mtoto, ndugu wanasema, mke anachukuliwa na wazazi wake, mume anakwenda kujidhalilisha kwa wakwe. Huko ni kutulia? Mateso yamo tele, tofauti ni kwamba yamewekwa ndani ya nyumba badala ya baraza la Omukama. Kitabu cha historia kitaniambia bei ya pembe. Hakitaniambia mwanamke anayerudishwa kwao anatembea njia ile akiwaza nini. Nikifika Ukerewe nahitaji vyote viwili, na kusema kweli hiki cha pili ndicho kilichonifanya niondoke nyumbani.

---

Binti Nansio

Nimefurahi mpaka nimemwita mama aje asomewe.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nafanya kazi Mwanza. Niwasaidie wanaotaka kuja. Meli ya Nansio inaondokea bandari ya Mwanza Kaskazini, ni safari ya kama saa tatu na nusu, ratiba ulizieni pale pale bandarini kwa sababu hubadilika. Anayeogopa maji mengi apite barabara ya Bunda mpaka Kisorya, kisha kivuko kifupi cha kwenda Rugezi. Kisiwani bodaboda zipo kila kona.

Sasa mambo ya kujua. Msije mkitafuta nyumba za msonge za kwenye kitabu. Tunajenga tofali na bati kama kila mtu. Watu wamekuwa wengi, ardhi ni ndogo, misitu mingi imekwisha. Mkitaka kuona sehemu ya ufalme, nendeni Bukindo palipo na jumba la Omukama, na Handebezyo kwenye mawe. Kagunguli ndiko kwenye parokia ya zamani ya mapadri ambao Kitereza alifanya kazi karibu nao. Tafuteni mzee wa kuwapeleka, kisha mkae naye. Mzee wa Kikerewe hawezi kukueleza jambo umesimama na funguo mkononi.

Mkipata nafasi vukeni na Ukara, kivuko kinatokea Bugolora. Watu wengi huenda kutazama lile jiwe linalocheza. Mimi ningewaambia mtazame mashamba. Wakara wamelima kisiwa kile kidogo vizazi na vizazi, wanafuga ng'ombe ndani, wanakusanya samadi, wanairudisha shambani, na ndiyo sababu ardhi ile imewalisha watu wengi kiasi hicho. Kilimo cha namna hiyo ukikisoma kwenye riwaya unadhani kimekwisha. Kule kipo.

Na jingine, nalisema kwa uzito. Septemba 20 mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu kabisa na Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa. Makaburi yapo kisiwani. Ukifika usipite pale kama mtu anayepita shamba la mtu. Simama.

---

Mwalimu wa Magu

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Nimewahi kuwasomea wanafunzi kwa sauti ile sehemu ya faini ya pombe. Darasa la watoto wa Kisukuma, wote wanaelewa mara moja: ukimkosea mkwe hulipi kwa mdomo. Mmoja akauliza kama Bugonoka alikuwa mtu wa kweli na kama kaburi lake lipo. Nikamjibu hapana, ni wa kubuniwa. Akasema, "Lakini kijiji chake kipo?" Swali lile limenikaa. Nadhani ndilo swali la uzi huu.

Kumpeleka mwanafunzi Ukerewe kuna gharama. Tunachofanya wengi ni kwenda Bujora pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna ngoma, viti vya watemi, zana za wahunzi, nyumba ya mganga. Najua ni Usukuma na si Ukerewe, lakini mwanafunzi aliyesoma Kitereza akiingia ile nyumba ya mganga anasimama muda mrefu kuliko asiyesoma. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Na mkienda mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Bulabo mtakuta vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza mbele ya umati, ushindani uliorithiwa kutoka kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Huyo Ngika na Gumha wangepata mwandishi wao, jamani.

---

Ja Kisumo

Habari za huko ng'ambo. Niko Kisumu, na nimesoma uzi huu nikijiona mimi.

Huku kwetu kuna riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source, ya mwaka 1994. Wengi tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anaolewa Sakwa, na kutoka kwake tunafuata kizazi baada ya kizazi mpaka mjini Nairobi. Nilipomaliza shule nilikwenda Yimbo nikapanda kilima cha Ramogi, ambako Wajaluo husema mababu zetu walitua walipoingia nchi hii. Nilikuwa nimekisikia kilima hicho tangu utotoni kwa babu, sikuwahi kuona haja ya kwenda. Akoko ndiye aliyenipeleka.

Halafu kuna jambo linalowahusu nyinyi moja kwa moja. Grace Ogot, riwaya yake ya 1966, The Promised Land. Mume na mke wanatoka Seme, karibu na hapa Kisumu, wanavuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi nzuri. Wanapata ardhi, wanapata na chuki ya jirani. Kwa hiyo ziwa hili lina riwaya zinazotazamana kutoka pande mbili. Ningependa siku moja mtu aifuate safari ya Ochola na Nyapol, kutoka Seme, apite mpaka, aingie Mara, amalizie kwa Kitereza Ukerewe. Mipaka ya leo wazee wale hawakuijua.

---

Mwana wa Kirumba

Ja Kisumo, karibu sana huku, na wazo lako nimelichukua. Seme, Mara, Kisorya, Rugezi: mbona njia imenyooka yenyewe! Mtu anaweza kuifanya yote kwa basi na kivuko.

Binti Nansio, asante kwa maneno ya Ukara. Sisi wa Mwanza tuna ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, na makaburi ya Igoma. Hakuna familia ya kanda hii isiyomjua mtu aliyeguswa.

---

Mpwani wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Nimepita tu, lakini sikuweza kupita kimya.

Huku Unguja wageni huja na ramani ya Mji Mkongwe, wakapiga picha milango, wakaondoka. Wale waliosoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi huuliza Ng'ambo iko wapi. Wanataka kujua Yasmin alipomkimbia mumewe alipita njia gani, na maisha ya akina Mwajuma yalikuwaje. Hawa ni wageni wa namna nyingine kabisa. Wanakaa, wanakunywa kahawa barazani, wanasikiliza. Kwa hiyo naungana na mwenye uzi moja kwa moja: riwaya humtoa mtu kwenye mlango ikamwingiza ndani ya nyumba.

---

Mhaya wa Kemondo

Kwa kuwa pombe ya ndizi imetajwa, siwezi kukaa pembeni.

Rubisi yetu hapa Kagera bado inatengenezwa. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka juisi itoke, unaongezwa maji, unawekwa mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunikwa hadi kesho yake. Mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo nilipofika pale Myombekere anapozunguka kuomba msaada wa jamaa, nilielewa adhabu aliyopewa: wakwe hawakumdai kinywaji, walimdai aoneshe kama ana watu. Msomaji asiyewahi kuona rubisi ikikanyagwa ataona ni faini tu.

Ndiyo sababu mimi nasema safari na kitabu vinahitaji kupishana. Usome, uende, urudi usome tena. Kama unakuja Kagera, fika Katuruka uone palipofuliwa chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, halafu Bweranyange kule Karagwe alikokaa Rumanyika, yule aliyempokea Speke mwaka 1861. Huyo Rumanyika ninamsubiria riwaya yake kwa hamu kubwa. Mtawala, ndugu waligombea kiti, ng'ombe wa chuma waliofuliwa na wahunzi wake, wageni wa kila namna barazani. Kila kitu kipo, amekosekana mwandishi.

---

Mzee wa Nyakato

Nimerudi. Mhaya, hapo kwenye faini umenifungua macho, nakiri nilipita pale haraka.

Kama tunaongelea riwaya ambazo hazijaandikwa, basi niwape moja ya hapa hapa Mwanza. Nendeni Kageye, upande wa Kayenzi. Leo ni mwalo wa wavuvi. Mwaka 1875 Stanley alifika pale na msafara wa mamia ya watu kutoka pwani, wakiwa wamebeba mashua vipande vipande mabegani. Akaiunga, akalizunguka ziwa, na alipokuwa majini kijana wake mmoja Mwingereza, Frederick Barker, akafa Kageye na kuzikwa hapo hapo. Mwishoni mwa 1878 wakafika mapadri weupe, ambao baadhi yao walivuka kwenda Buganda. Katikati ya matukio hayo yupo mtu ninayemwaza siku zote: Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akijenga jahazi Ukerewe. Desemba 1877 akaingia katika ugomvi na Omukama Lukonge. Wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, walikuwa upande wa Songoro, wakauawa pamoja naye na watu wao wengi.

Vitabu vya wamisionari vimewalilia Smith na O'Neill. Songoro anatajwa pembeni. Lukonge anatajwa kama katili. Wale mafundi wa jahazi hawatajwi kabisa. Hapo sasa, kijana, mimi mwenyewe naona kazi ambayo historia haiwezi kuifanya kwa sababu karatasi hazipo, na riwaya inaweza.

---

Mwana wa Kirumba

Mzee, umenimaliza. Fundi seremala wa pwani, kisiwani, anachonga jahazi kubwa mbele ya macho ya Omukama. Na mwana wa Ukerewe anayekata mbao kwa ujira wa shanga au vitambaa. Na mke wa Songoro kama alikuwepo. Nasimama hapo, maana nitaanza kuandika usiku huu.

---

Nyanza Pamba

Naongezea na pamba. Marehemu babu alikuwa karani wa kupima pamba kwenye chama cha msingi. Miaka ya 1950 wakulima walikuwa wanaibiwa kwenye mizani za wanunuzi, wakajiunga, Paul Bomani akawaongoza, na mwaka 1955 vyama vikaungana vikawa Victoria Federation. Vijiji vya Usukuma vimejaa maghala ya wakati ule, mengine yamefungwa, mengine yamegeuzwa matumizi. Mtu akipita na basi anaona ghala bovu. Kijana aliyesoma riwaya nzuri kuhusu mizani ile angeshuka kwenye basi.

---

Dada wa Buzuruga

Naomba niulize bila kumuudhi mtu. Hivi tunataka wageni waje kufanya nini hasa? Nimeona sehemu nyingine: kitabu au filamu inapendwa, watu wanafurika, viwanja vinapanda bei, wenyeji wanavalishwa magome ya miti kucheza ngoma saa nne asubuhi kwa ajili ya kamera. Ukerewe maji salama na zahanati bado ni tatizo vijiji kadhaa. Msomaji wa Kitereza anamwachia nini mama anayeanika dagaa?

---

Binti Nansio

Dada, swali lako ni la haki na sisi wenyeji ndio wa kulijibu kwanza.

Samaki wamepungua. Vijana wengi wa kisiwani hawana pa kushika zaidi ya ziwa. Mgeni akija akalala nyumba ya kulala wageni ya mtu wa kisiwa, akala kwa mama lishe, akamlipa kijana anayemtembeza, hiyo ni siku ya kazi ambayo haikuhitaji nyavu. Kuvalishwa magome sitaki. Na kwa kweli msomaji wa Kitereza hataki pia, kwa sababu alichopenda kwenye kitabu ni watu wenye heshima zao, na maonyesho ya namna hiyo yangemvunja moyo. Mwenye kamera mbele ni yule ambaye hajasoma chochote.

Mimi ningeanza na kidogo. Chumba kimoja Nansio, nakala kadhaa za riwaya za kusomea hapo hapo, Kiswahili na kama inawezekana Kikerewe, pamoja na zile tafsiri za nje, maana Wajerumani waliifasiri na Profesa Gabriel Ruhumbika, naye ni wa Ukerewe, aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 2002. Vijana wawili watatu waliosoma kitabu chote, ndio wawe watembezaji. Asiyekisoma asipewe kazi hiyo.

---

Mwalimu wa Magu

Sharti la mwisho hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Nami niombe jambo moja: watoto wa Ukerewe wakisome kwanza wao. Inasikitisha mtu wa Berlin amjue Bugonoka na mtoto wa Bukindo asimjue.

---

Msafiri Mpya

Jamani nimewasoma wote. Niko Dar, nina likizo mwezi wa saba. Kitabu nakipataje? Na kama sitapata muda wa kukimaliza chote kabla ya safari, nianzie wapi?

---

Mwana wa Kirumba

Karibu sana. Toleo la 1980 ni la kutafuta. Anza na maktaba kubwa, ya taifa hapo Dar na za vyuo vikuu, kisha wauza vitabu vya mitumba. Ya Kiingereza aliyofasiri Ruhumbika ilitolewa na Mkuki na Nyota, nao wako Dar hapo hapo, kaulize. Lakini ukipata ya Kiswahili chukua hiyo. Ni Kiswahili alichokiandika mzee mwenyewe, kina mwendo wa kisiwani, na baada ya kurasa chache sikio linazoea.

Usiruke mwanzo. Soma mpaka Bugonoka anaporudi kwa mumewe, hiyo inatosha kabla ya kuondoka. Sehemu ya mganga na kuzaliwa kwa watoto isome ukiwa kisiwani, jioni. Ukifika Mwanza, kabla ya kwenda bandarini, pita mnara wa saa usome lile bamba, kisha panda Isamilo utazame maji. Tiketi chukua mapema, wikiendi meli hujaa. Na chukua koti, asubuhi ziwani kuna upepo.

Binti Nansio, tunaweza kumwomba mzee yeyote wa Kagunguli akae na huyu mgeni?

---

Binti Nansio

Tunaweza. Aniandikie faragha tarehe zake. Na aje na sukari na majani ya chai, asiende kwa mzee mikono mitupu.